Gharama za Koplo Mtepa

Siku ile mjinga alikuwa Likwata. Alikiri mwenyewe, bila kupigwa, mbele ya mashahidi wawili: ndoo ya choo na ukuta.

"Wewe ndoo," alisema, "umewahi kuona mtu mzima, mwenye mke na kibanda chake cha kunyolea, anaingia gerezani kwa miguu yake mwenyewe, tena anauliza kama avue viatu?"

Ndoo haikuwahi kuona.

Mambo haya yalitokea katika nchi moja ambayo haipakani na nchi yoyote unayoifikiria. Ni nchi ya amani kabisa. Tangu iundwe haijapigana vita ila mara moja tu, iliposhambulia kwa makosa ghala lake lenyewe la mahindi, ikashinda. Kwa kuwa ni nchi ya amani, jeshi lake ni kubwa. Na kwa kuwa jeshi ni kubwa na adui hajatokea, wanajeshi hukoseana wenyewe kwa wenyewe, na hapo ndipo linapohitajika gereza la kijeshi. Gereza lenyewe liko Kilima cha Kwikwi, mahali inapoishia barabara ya lami. Haikuishia hapo kwa sababu ya kilima. Mkandarasi alifika hapo akaoa.

Redioni, gereza la Kwikwi lilikuwa na wafungwa mia nne na kumi na wawili. Kwa macho walikuwa tisa. Mmoja alilala lindoni. Mmoja alipiga saluti kwa mkono wa kushoto wakati wa kulia ukiwa kwenye plasta. Wawili walikutwa wakicheza bao kwa risasi za serikali. Mmoja, mpiga tarumbeta wa bendi, alicheka katikati ya dakika moja ya ukimya, na alipoulizwa kilichomchekesha akasema ni huo ukimya. Wanne waliobaki hakuna aliyejua wamekosa nini, maana mafaili yao yaliliwa na mchwa. Na kwa kuwa kosa halijulikani, haikujulikana pia waachiwe lini.

Wengine wote, mia nne na watatu, walikuwa wafungwa hewa. Usiwadharau. Walikuwa na majina, namba na magodoro. Walikula nyama mara mbili kwa wiki. Waling'olewa meno na kuwekewa mengine. Hazina ilitoa fedha kwa kichwa, na Kanali Sungwa, mkuu wa gereza, alikuwa na kipaji cha vichwa: kila mwisho wa mwaka alivipata vingine, bila kumkamata mtu yeyote wala kumwonea mtu. Katika hotuba zake alipenda kusema kwamba Kwikwi ndilo gereza pekee duniani ambalo asilimia tisini na nane ya wafungwa wake hawajawahi kulalamika.

Likwata alikuwa kinyozi wa kiraia mwenye zabuni ya gereza hilo. Kanuni ilisema mfungwa anyolewe kipara kila Jumatatu, na kwamba ahesabiwe kwa kipara hicho, si kwa uso, kwa sababu sura hudanganya. Basi kila Jumatatu saa mbili asubuhi Likwata alinyoa vichwa tisa; saa tatu alikunywa chai; saa nne alitia saini kwamba amenyoa mia nne na kumi na viwili. Alilipwa kwa vile tisa tu. Vile vingine, alielezwa, vilikuwa vimenyolewa na Mamlaka. Mbunge mmoja mgeni aliwahi kuuliza inawezekanaje mtu mmoja kunyoa umati huo kwa saa mbili. Akajibiwa kwamba wembe ni wa kijeshi. Akaomba radhi, akakaa.

*

Katika hao hewa, mmoja alikuwa mkubwa wao: Koplo Yoramu Mtepa, chumba namba moja.

Alianza kama wenzake, hewa ya kawaida tu. Mwaka wa kwanza aliandikwa kwamba amepoteza mkanda wa sare. Lakini bajeti ya mwaka wa pili ilihitaji sababu ya kuongezwa, ikabidi mkanda usiwe umepotea, ukawa umeuzwa. Mwaka wa tatu mnunuzi akawa adui. Mwaka wa tano nchi jirani nzima ilikuwa imevaa mikanda ya Mtepa, suruali zimekaa imara kiunoni, tayari kuvuka mpaka. Ilipofika mwaka wa kumi na moja, Koplo Mtepa, kwa mkanda ule ule mmoja, alikuwa amebakiza siku mbili kuipindua serikali.

Mtu wa namna hiyo halindwi kwa kufuli. Alikuwa na askari arobaini wa kwake, mbwa wawili na mshauri wa mbwa, daktari, jenereta, na mtaalamu wa kuonja chakula. Mkalimani naye aliajiriwa, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia Mtepa akisema neno, na Wizara ilihisi huenda ni suala la lugha. Nusu ya fedha za gereza ilipita chumba namba moja. Ilipita tu, haikukaa.

Kisha bei ya unga ikapanda. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye wanafunzi wake walikuwa wakikaa chini kwenye vumbi, akaandika barua gazetini akiomba, kwa heshima na taadhima, afungwe Kwikwi yeye na darasa lake zima. Gazeti lilifungiwa, lakini barua ilikuwa imekwisha kusomwa. Bunge likaunda Kamati ya Kubana Matumizi, yenye wajumbe ishirini na saba na magari thelathini, nayo ikatangaza kwamba Jumatatu itapanda Kwikwi kuhesabu vichwa.

Kanali hakutetereka. Aliagiza askari wake wote wanyolewe, na wapishi, na bendi. Walikuwa bado hawatoshi, kwa hiyo akapanga gwaride la ukakamavu: watu waingie kwa mlango wa mashariki, wapite mbele ya Kamati, watokee mlango wa magharibi, wazunguke nyuma ya jiko mbio, waingie tena. Tatizo lilibaki moja. Chumba namba moja lazima kiwe na mtu aliyekaa, ametulia, hazunguki popote. Na hakuna askari aliyekubali.

Jumatatu hiyo Likwata alinyoa mpaka mkono ukafa ganzi. Ndipo alipojiwa na Sajenti Nyoni, mtunza orodha, mtu mpole aliyekuwa akitembea na kalamu tatu mfukoni: moja ya walioingia, moja ya waliotoka, na ya tatu ya wasiokuwepo.

"Mjomba Likwata, una haraka?"

"Sina haraka. Nina kikohozi tu."

"Kuna kazi ya saa mbili. Unakaa chumba namba moja, wakubwa wanachungulia kwenye kitundu cha mlango, wanaondoka. Baada ya hapo pilau."

"Ya nyama?"

"Ya mbuzi, mjomba."

"Mbona asikae askari?"

"Wanaogopa. Kosa la Mtepa ni zito mno."

"Lakini si hayupo?"

"Hayupo," Sajenti akakubali, "lakini kosa lipo."

Likwata alijipapasa utosini. Yeye mwenyewe alikuwa na kipara cha asili, hakikuhitaji hata wembe, na kwa kanuni za mahali pale alikuwa tayari nusu mfungwa. Dunia ilikuwa imemchapa kila upande: aliwahi kudaiwa ushuru wa kibanda kilichobomolewa na wadai ushuru wale wale, aliwahi kulazwa mahabusu kwa kufanana na mtu aliyekuwa amekaa mahabusu ya pili, na kila mara alitoka akicheka. Safari hii akaona dunia inamletea mbuzi.

"Nivue viatu?" akauliza.

*

Angekaa kimya, labda angetoka. Lakini ukimfunga mtu wa mzaha mnyororo halafu ukamletea wabunge ishirini na saba kwenye kitundu, unamtaka afanye nini?

Jicho la kwanza lilipotokea, Likwata alikuna ukuta kwa kucha. La pili lilipokuja, alitikisa mnyororo. La tatu lilikuwa la Mwenyekiti, Mheshimiwa Dokta Kiyumbi, jicho kubwa lenye miwani. Na hapo Likwata akainuka polepole, akasogea mpaka pua yake ikagusa chuma, akanong'ona kwa sauti ya kaburini:

"Leteni mkanda."

Mheshimiwa alirudi nyuma akamkanyaga Katibu, Katibu akamkanyaga mbwa, mbwa akamtafuta mshauri wake.

"Amesema nini?" Mwenyekiti alimuuliza mkalimani.

Mkalimani, ambaye hakuwa amefanya kazi kwa miaka saba, alikunja uso. "Anasema aletewe mkanda, Mheshimiwa."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa lugha yetu hii hii, Mheshimiwa, ila ya vitisho."

Chumbani Likwata alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakimtoka kwa kicheko. Alikuwa hajacheka namna hiyo tangu harusi yake.

Nje, mbele ya waandishi wa habari, Mwenyekiti alikuwa akifuta miwani. "Ndugu wananchi," alisema, "tulikuja kubana matumizi. Leo matumizi tumeyatazama usoni, nayo yametutazama. Wapo wanaouliza kwa nini mfungwa mmoja ana gharama kubwa kuliko shule. Mimi nawauliza, je, shule ingewahi kunitazama vile? Taifa lisilogharamia maadui zake litawapata wapi wengine? Kamati inapendekeza mlango wa pili. Inapendekeza mfungwa apigwe picha leo hii na achukuliwe alama za vidole vyote kumi. Na inapendekeza irudi kila baada ya miezi mitatu kujiridhisha kwamba bado yumo, kwa posho ya mazingira hatarishi."

Akasita, akashusha sauti. "Halafu, Kanali, nimeona mtu mwenye kovu shavuni akipita mara nne."

"Ni ndugu wanne, Mheshimiwa. Ukoo wa wakorofi."

"Sawa. Lakini safari ijayo waketi chini wote kwa pamoja. Mbio zile zimenipa kizunguzungu."

Likwata alipigwa picha ya mbele na ya ubavu. Alitabasamu. Vidole vyake kumi vilichovywa wino. Pilau ililiwa na Kamati.

*

Kesho yake asubuhi Kanali Sungwa alikuja mwenyewe, akaletewa kiti, akaketi karibu na kitundu kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa.

"Bwana kinyozi, nakupenda kama ndugu yangu," alianza. "Lakini lazima tuelewane. Juzi Mtepa angeweza kuwa mtu yeyote. Leo ana picha."

"Kanali, picha ni yangu."

"Ndiyo maana nasema tuelewane."

"Basi niachie nitoke kimyakimya."

"Ukitoka, Mtepa ametoroka. Mtepa akitoroka, mipaka inafungwa, vifaru vinawashwa, na vifaru vyenyewe viwili havina betri. Unataka kuiaibisha nchi?"

"Basi nipewe msamaha wa Rais."

"Kwa kosa hili? Siku mbili ulibakiza, bwana! Siku mbili!" Kanali aliinua vidole viwili, na Likwata akaona kwamba mzee wa watu anaamini kabisa. "Njia ya kutoka halali iko moja tu. Ni kunyongwa. Fungu lake lipo, halijaguswa. Ukitaka nianze kuandika..."

"Hapana, Kanali. Nimepazoea hapa."

"Nilijua wewe ni mwelewa."

Likwata hakukata tamaa. Aliomba ithibitishwe kwamba yeye ni yeye. Sajenti Nyoni akaja na majalada, akayafungua kwa upole.

"Mjomba, nani atakutambua? Wale tisa ni wafungwa. Neno la mfungwa halipokelewi. Askari arobaini wameshaapa kwa maandishi kwamba wanamjua Mtepa kwa miaka kumi na moja. Na hapa, tazama, kuna shahidi mkubwa kuliko wote. Huyu anasema amemnyoa Koplo Mtepa kwa mkono wake mara mia tano sabini na mbili."

"Ni nani huyo mwongo?"

Sajenti akageuza jalada. Saini ilikuwa ya Likwata.

Alikaa chini. Kwa mara ya kwanza tangu aingie alikosa neno la utani, akalitafuta kila pembe ya chumba kile, hatua nne kwa tatu, asilipate.

"Na kinyozi?" akauliza mwishowe. "Likwata mwenyewe yuko wapi, kwa mujibu wenu?"

"Anaendelea vizuri," Sajenti alijibu. "Jumatatu alikuja, akanyoa vichwa vyote, akatia saini, saa nne akaondoka. Hajawahi kuchelewa."

Kwa hiyo mambo yalikuwa yamepinduka taratibu kabisa: Mtepa alikuwa amepata mwili, na kinyozi ndiye akawa hewa.

*

Usidhani walimtesa. Kwenye karatasi hakuna mfungwa aliyewahi kutunzwa kama yeye. Asubuhi mayai mawili na maziwa, mchana samaki, jioni chungwa. Mayai yalitoka Wizarani yakiwa mazima. Yalipofika makao makuu yalikuwa yai moja, kwenye lango la gereza yalikuwa harufu, na chumbani yaliingia yakiwa maharage yenye wadudu. Mwonja chakula aliyaonja kutoka mbali, kwa macho.

Likwata alilalamika. Hilo liliwashangaza sana.

"Maharage yana wadudu," alisema.

"Mtepa wa zamani hakuwahi kusema hivyo," mpishi alinung'unika, amehuzunika kweli.

Kikohozi kilizidi. Daktari alikuja na jalada, akasoma, akatikisa kichwa. "Haiwezekani ukohoe. Mwezi uliopita ulipewa dawa ya mapafu dozi tatu, ya bei ghali, ukapona."

"Hakuwa mimi, daktari."

"Alipona vizuri sana yule," daktari alisema, akaondoka.

Hata askari arobaini walianza kumchoka. Kwa miaka kumi na moja walikuwa wamemlinda Mtepa wakiwa majumbani kwao, kwenye mashamba yao, wengine wakiendesha pikipiki za abiria mjini. Sasa ilibidi waje. Wakikutana naye kitunduni walimtazama kama mgeni aliyekuja kwa siku mbili na sasa anaulizia sabuni.

"Mzee, wewe umetuharibia," mmoja alimwambia.

"Nifungulie basi, nikutengenezee."

Askari alicheka, kisha akatazama kushoto na kulia, akaacha kucheka.

Alihesabu Jumatatu kwa kusikiliza. Kila Jumatatu saa mbili hakukuwa na sauti ya mashine ya kunyolea, na saa nne kalamu ya Sajenti ilitembea. Wale tisa nywele ziliwaota mpaka mpiga tarumbeta akaanza kusuka. Likwata aliwaza kibanda chake, kioo chake chenye ufa, na Asteria. Usiku na mchana vilifanana mle ndani. Taa ya jenereta haikuzimwa kamwe kwa sababu za usalama, na haikuwaka kamwe kwa sababu za mafuta.

*

Asteria, mke wake, alikuwa muuza dagaa wa soko la Kwikwi, mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika. Siku ya tisa alikwenda langoni na chupa ya dawa ya kikohozi kwenye kanga.

"Namtaka mume wangu. Likwata, kinyozi."

Sajenti Nyoni alifungua kitabu. "Kinyozi Likwata aliingia Jumatatu saa mbili, akatoka saa nne. Ametia saini. Kama hakufika nyumbani, mama yangu, hiyo ni kesi ya ndoa. Jeshi haliingilii."

"Hayumo humu?"

"Humu hakuna mtu wa jina hilo hata mmoja."

"Basi nirudi na dawa yangu."

"Hapana, hiyo iache," Sajenti alisema kwa wema aliozaliwa nao. "Usiku anakohoa sana. Nitamfikishia."

Asteria alimtazama usoni. Kisha akampa chupa kwa mikono miwili, akamshukuru, akateremka kilima. Siku hiyo, jioni, Likwata alipokea chupa, akainusa, akaijua kwa tangawizi yake. Aliishika kifuani. Alikohoa kwa nguvu zake zote, akidhani huenda atasikika mpaka sokoni.

Miezi mitatu ikakaribia. Kamati ilikuwa imeagiza watu waketi wote kwa pamoja, na safari hii hata mbio hazingesaidia. Kanali akatangaza sokoni kibarua cha nusu siku: kukaa chini, kunyamaza, chakula kipo. Sharti lilikuwa moja, mtu aje amenyolewa kipara. Kuhusu wanaume na wanawake tangazo halikusema. Kichwa ni kichwa.

Watu walijaa. Wauza nyanya, mafundi baiskeli, wazee wa kahawa, mwalimu yule wa barua, ambaye alikuwa amefukuzwa kazi na sasa alifurahi kwamba ombi lake limekubaliwa. Asteria alikwenda kwenye kibanda cha mumewe, akafungua, akaketi mbele ya kioo chenye ufa, akachukua wembe. Nywele alizokuwa akizisuka kwa miaka ishirini na sita zilianguka sakafuni. Alizifagia, akafunga mlango, akapanda kilima kwenye foleni.

*

Uwanja wa gereza ulimeta siku hiyo. Vipara mia nne na ushee viliketi kwa mistari kwenye jua, ndani ya sare zilizoshonwa juzi. Mwenyekiti Kiyumbi alihesabu kwa fimbo, akafika mwisho, akapata mmoja zaidi, akasema ni bora kuzidi.

"Sasa yule," aliamuru, akajisogeza nyuma ya Katibu.

Likwata aliletwa kwa minyororo kati ya askari ishirini na mbwa. Mwanga ulimpiga machoni. Alipoanza kuona, aliona kama kinyozi anavyoona: hakutazama nyuso, alitazama kazi. Kazi ilikuwa mbaya. Huyu amekatwa sikioni, yule ameachiwa kisogo. Mstari wa tatu kulikuwa na kipara kimoja kidogo, kimenyolewa na mtu asiyejua, kishungi kimesahauliwa nyuma ya sikio la kushoto. Na sikio lenyewe lina tundu la hereni.

Alilijua sikio lile. Miaka ishirini na sita alikuwa akililalia karibu. Kichwa chenyewe, kikiwa kitupu, hakuwahi kukiona.

"Mama Leti," alisema. "Nani amekuharibu hivyo?"

Asteria aliinuka. "Wembe wako hauna makali, baba Leti." Akageukia meza ya Kamati. "Mheshimiwa, huyu mnayemfunga mnyororo ni mume wangu. Ni kinyozi."

"Wewe ni nani?" Mwenyekiti aliruka.

"Kwenye orodha ya Sajenti mimi ni Praiveti Gombo, miaka minne kwa kumpiga mpishi. Nyumbani ni Asteria. Huyu kulia kwangu ni muuza nyanya, na huyu kushoto ananidai ndoo ya dagaa."

"Wazimu wa jela!" Kanali alinguruma. "Askari, mketisheni!"

Askari walimtazama Asteria. Wengi walikuwa wakinunua kwake kwa mkopo. Hakuna aliyesogea.

Kanali aliinamia sikio la Mwenyekiti, lakini sauti yake ilizoea magwaride na haikujua kunong'ona. "Mheshimiwa, haiwezekani. Huyu akitoka atasema."

"Atasema nini, Kanali?" Asteria aliuliza. "Kwamba humu mna wafungwa mia nne na kumi na wawili? Si ndivyo mnavyosema wenyewe?"

Kicheko kilianza mstari wa nyuma, kwa wazee wa kahawa, kikaja mbele kama upepo kwenye mahindi. Mpiga tarumbeta, aliyefichwa nyuma ya jiko kwa ajili ya nywele zake, alicheka mpaka misuko ikatikisika. Likwata peke yake hakucheka. Alikuwa akitazama ufunguo kiunoni mwa askari wa karibu, hatua moja tu, na mkono wake haukufika.

Mwenyekiti alivua miwani, akaivaa. Si kwamba hakuelewa. Alikuwa ameelewa kila kitu, pamoja na posho ya mazingira hatarishi, na mlango wa pili, ambao mkandarasi wake alikuwa shemeji yake. Aliinuka, akafungua mikono kama baba.

"Mama yangu," alisema, "tuseme, kwa mfano tu, kwamba unalosema ni kweli. Wewe ni mtu mzima, nisaidie. Nikimwachia huyu leo, chumba namba moja kitabaki kitupu. Askari arobaini watalinda nini? Mbwa watambwekea nani? Daktari, mwonja chakula, mkalimani, hawa wote wana watoto. Taifa zima linalala likijua Mtepa yuko ndani. Niende nikaliambie nini? Nimlinde nani, mama? Nionyeshe basi nimlinde nani!"

Asteria alijipapasa kichwa chake kitupu, akamjibu bila kupaza sauti.

"Miaka kumi na moja mmemlinda mtu asiyekuwepo, baba, na hajatoroka, hajakohoa, hajaomba hata chumvi. Huyu wangu anakula, anaumwa, na njia ya nyumbani anaijua. Nipeni wangu, ninyi muendelee na yule mliyemzoea."